Toba Si Machozi ya Siku Moja

Wahenga walinena kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kulirudia. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeitia katika insha zetu, na walimu wametutilia alama ya vyema. Hata hivyo, naona kwamba wengi wetu tunaopenda kuitumia hatujaifikiria vizuri. Nusu yake ya kwanza tunaishika sana kwa maana inatupa nafuu: kukosa si kosa, basi niacheni nipumue. Nusu ya pili, ile ya kutolirudia, tunaipita kama matatu inavyopita kituo kisicho na abiria.

Wahariri wa jarida letu wametutaka tuandike juu ya jambo tunaloliona likihitaji kusemwa hapa shuleni. Mimi nimechagua toba. Naandika nikiwa Mkristo, na maneno yangu yanawalenga hasa Wakristo wenzangu, ingawa najua kwamba wenzetu Waislamu nao wana neno hilo hilo na pengine wanalijua kutushinda. Hoja yangu ni moja: toba si tukio ambalo mtu hulipitia siku moja kisha akalisahau. Toba ni kazi ya kila siku katika maisha ya Mkristo, nayo ina mikono na miguu. Isipotembea wala kutenda, hiyo si toba, ni machozi tu.

Tazameni yanayotokea hapa kwetu. Kila mwaka Umoja wa Wakristo huandaa mkutano wa mwisho wa juma. Mhubiri hualikwa, kwaya huimba, vipaza sauti hukodishwa. Siku ya pili jioni mhubiri huwaita wanaotaka kuokoka wapite mbele. Watu huenda kwa wingi, wengine wakilia kwa kwikwi, na viongozi huandika majina yao kwenye daftari. Jumatatu kwenye gwaride tunatangaziwa idadi, tunapiga makofi. Sasa ngoja wiki mbili zipite. Yule aliyekuwa akinakili kazi ya nyumbani ya wenzake bado ananakili. Yule aliyekuwa akiwaamrisha wa kidato cha kwanza wamnunulie mandazi kwa pesa zao bado anawaamrisha. Mwaka unaofuata mhubiri mwingine anakuja, na wengi wa wanaopita mbele ni wale wale wa mwaka jana.

Sisemi kwamba walikuwa wakiigiza. Naamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaambia cha kufanya Jumatatu.

Tuanze na neno lenyewe, maana hili ni jarida la Kiswahili. Neno toba limetoka katika Kiarabu, na asili ya maana yake ni kurudi. Katika Agano la Kale, ambalo sehemu yake kubwa iliandikwa kwa Kiebrania, manabii walipowaita watu watubu walitumia pia neno lenye maana ya kurudi. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililotumika humo, yaani metanoia, lina maana ya kubadili nia. Tukiyaweka pamoja tunapata picha kamili: mtu anabadili nia, kisha anageuka na kurudi. Na kurudi ni safari. Ukiwa ulikuwa unakwenda Nakuru ukajikuta kwenye barabara ya Narok, kulia kando ya barabara hakutakufikisha Nakuru. Lazima ugeuke, tena baada ya kugeuka lazima utembee, hatua baada ya hatua.

Umati ulipomwendea Yohana Mbatizaji mtoni Yordani, aliwaambia wazae matunda yanayopatana na toba yao. Wakamwuliza wafanye nini basi. Yohana hakuwaambia walie zaidi. Mwenye kanzu mbili alimtaka amgawie asiye na kanzu, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango kilichoamriwa. Askari aliwaambia wasiwanyang'anye watu wala wasiwasingizie, bali watosheke na mshahara wao. Haya yote yamo katika Injili ya Luka, sura ya 3. Ona jinsi kila kundi lilivyopewa jibu lake kulingana na kazi yake. Yohana angalikuja kwenye gwaride letu, nadhani kiranja angaliambiwa asiandike jina la mtu kwa kulipiza kisasi, mweka hazina wa chama angaliulizwa risiti ziko wapi, na mwenye mwakenya ndani ya soksi angaliambiwa autoe.

Katika Injili hiyo hiyo, sura ya 19, tunamkuta Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu. Yesu alipoingia kwake, Zakayo hakusubiri kuombwa. Alisema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na yeyote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Wengi wetu hatujui kwamba sheria ya Musa, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, ilimtaka aliyemdhulumu mwenzake akiri kosa, arudishe alichochukua, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Kwa hesabu yetu, aliyechukua shilingi 100 alitakiwa kurudisha 120. Zakayo alipita hapo kwa mbali: shilingi 100 zingerudi zikiwa 400. Na ni baada ya maneno hayo ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Simaanishi kwamba wokovu hununuliwa, la hasha! Msamaha ni neema. Lakini mtu aliyepewa neema, kisha akabaki ameikumbatia mali ya jirani yake, hajaielewa neema aliyopewa.

Labda mtu atasema naongea juu ya mambo ya zamani. Basi nitoe mfano wa karibu. Muhula mmoja kitabu cha fizikia kilipotea katika darasa moja la hapa shuleni. Vitabu hivi hutolewa na serikali, lakini anayekipoteza hutakiwa kununua kingine. Kijana aliyeandikishwa kitabu kile ni mtoto wa mama anayeuza sukumawiki kando ya barabara. Alikaa nyumbani siku mbili mama akitafuta pesa. Kitabu kikanunuliwa, akarudi darasani. Baadaye, mkutano wetu ulipofika, mwanafunzi mmoja alisimama akaungama kwamba alikuwa akiiba vitabu, kile cha fizikia kikiwemo, na kwamba sasa Bwana amemsafisha. Watu wakasema amina, wengine wakaimba. Yule kijana alikuwa ameketi nyuma, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Kitabu hakikurudi. Pesa hazikurudi. Hata pole hakuambiwa. Nilipozungumza naye aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Amesamehewa pesa za mama yangu, na mama hata hajaulizwa."

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Tumejifunza kutubu mbele ya Mungu kwa namna inayomruka binadamu tuliyemkosea. Ni rahisi zaidi, kwa sababu Mungu hatakutazama kwa macho mekundu kesho asubuhi mkiwa kwenye foleni ya chakula. Lakini Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 5, alifundisha kwamba mtu akiwa madhabahuni na sadaka yake akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane naye, ndipo arudi aitoe. Maana yake ni kwamba ibada inaweza kungoja. Mama muuza sukumawiki hawezi kungoja.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, "Mimi niliokoka, nikasamehewa yote. Nikitubu kila siku si ni kama simwamini Mungu?" Hoja hii ina uzito, na sitaki kuidharau. Lakini fikirini sala aliyotufundisha Bwana. Ndani yake tunaomba chakula cha kila siku, na papo hapo tunaomba kusamehewa makosa yetu. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa alikula jana hana haja ya kula leo. Tena nyumba ikishajengwa haijengwi upya kila asubuhi, lakini kila asubuhi hufagiliwa. Kuokoka ni kujengwa kwa nyumba. Kutubu kila siku ni kuifagia. Asiyefagia hawezi kusema nyumba yake si nyumba, lakini wageni wataiona ilivyo.

Petro ni shahidi mzuri. Alimkana Bwana mara tatu, akalia, akarudishwa. Tungetarajia kwamba baada ya hapo, na baada ya kujazwa Roho siku ya Pentekoste, hangekosea tena. Kumbe! Katika barua kwa Wagalatia, sura ya 2, Paulo anaeleza jinsi alivyomkemea Petro kule Antiokia kwa sababu alijitenga, akaacha kula pamoja na Wakristo wasio Wayahudi kwa kuwaogopa wenzake waliofika kutoka Yerusalemu. Mtume mzima! Ikiwa Petro alihitaji kurekebishwa miaka mingi baada ya kuitwa, mimi na wewe wa kidato cha tatu tuna kinga gani?

Wakristo wa nyakati mbalimbali wamelijua jambo hili. Tarehe 31 Oktoba 1517, Martin Luther alitoa hoja zake 95 katika mji wa Wittenberg, Ujerumani. Hoja ya kwanza kabisa ilisema kwamba Yesu alipowaita watu watubu, alitaka maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Luther alikuwa akipinga biashara ya vyeti vilivyouzwa kwa jina la msamaha. Sisi hatununui vyeti, lakini tukidhani kwamba jina likishaandikwa kwenye daftari la mkutano mambo yamekwisha, tofauti yetu na wale walionunua ni ndogo. Wakatoliki nao wana kitubio, na kila mwaka huingia Kwaresima kwa kupakwa majivu siku ya Jumatano ya Majivu. Anayekumbushwa kila mwaka kwamba yeye ni mavumbi ana nafasi ndogo ya kujiona malaika.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hadi Ujerumani, maana hapa kwetu Afrika Mashariki kulikuwa na shule kubwa ya toba. Mwaka wa 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukaenea kutoka Gahini hadi Uganda, na mwaka wa 1937 kikosi cha wahubiri wake kilifika Kabete hapa Kenya. Waliookoka waliitwa Balokole kwa Kiganda, na kwa Gikuyu Ahonoki. Jambo lililowashangaza watu si nyimbo zao tu. Watu hawa walirudisha vitu walivyoiba. Walilipa madeni. Waliwaendea maadui zao wakaomba radhi, Mwafrika kwa Mzungu na Mzungu kwa Mwafrika, jambo lisilokuwa la kawaida siku za ukoloni. Tena hawakuishia hapo. Walikutana mara kwa mara katika vikundi, kila mmoja akieleza wazi alipoteleza tangu walipoonana mara ya mwisho. Hali hiyo waliiita kutembea nuruni. Kwao, kuokoka kulikuwa mwanzo wa kutubu, hakukuwa mwisho wake.

Toba ya namna hiyo iliwapa watu uti wa mgongo. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa hapa Kenya Oktoba 1952, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao pia walikataa kushika silaha za serikali ya mkoloni. Walisema hawawezi kumwaga damu ya mtu. Wengine waliuawa kwa msimamo huo. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane nao katika siasa, lakini huwezi kusema imani yao ilikuwa ya Jumapili peke yake.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Festo Kivengere, askofu wa Kianglikana kutoka Kigezi, Uganda, aliyekuwa mmoja wa wahubiri wakuu wa uamsho huo. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alikimbia na mkewe, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Baadaye alieleza kwamba akiwa uhamishoni aligundua chuki dhidi ya Amin inakua moyoni mwake, akatambua kwamba yeye, askofu, mtu aliyeokoka kwa miaka mingi, anahitaji kutubu chuki hiyo na kusamehe. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho hata jina lake latangaza kwamba anampenda Idi Amin. Zingatia jambo hili: aliyekosewa alikuwa yeye, wala hakuiba wala hakuua. Hata hivyo alijichunguza, akaona ufa, akauziba kabla ya kulazimika kujenga ukuta.

Sasa nije kwenye upande mchungu. Rwanda ile ile, nchi ya Gahini, ndiyo iliyopatwa na mauaji ya halaiki kuanzia Aprili 1994. Kwa muda wa siku 100 hivi mamia ya maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Watutsi. Wanyarwanda wengi walikuwa Wakristo. Watu walikimbilia makanisani, kama vile Ntarama na Nyamata, wakauawa humo humo. Wapo Wakristo waliowaficha majirani zao, na wengine walikufa kwa sababu hiyo. Lakini wapo pia waliobatizwa, wakaimba kwaya, kisha wakashika panga. Nchi inaweza kuwa na historia tukufu ya toba, na bado historia hiyo isimwokoe mtu hata mmoja ikiwa wajukuu hawatubu. Toba ya babu hairithiwi kama shamba. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi mnamo Novemba 2016 kwa ajili ya Wakristo walioshiriki katika mauaji hayo. Ilikuwa imepita miaka 22. Heri kuchelewa kuliko kukosa kabisa, lakini ufa ule ulikuwa umeshaangusha nyumba.

Na sisi Wakenya tusijione bora. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wakiwemo wanawake na watoto. Mwezi wa Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na kwa hivyo wakashindwa kuyakabili maovu. Lilikuwa ungamo la kiume. Hata hivyo, ungamo la 2008 haliwezi kutubebea uchaguzi mwingine. Kila mwanasiasa anapokuja kanisani na bahasha, toba ile inahitaji kufanywa upya. Mnamo Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango uliotolewa na Rais na viongozi wengine katika parokia moja ya Soweto, likaagiza pesa zirudishwe. Wengine walikasirika, lakini mimi nilifurahi kuona kanisa linarudisha kitu badala ya kutoa taarifa tu.

Pingamizi la pili ni hili: "Ukimwambia mtu atubu kila siku utamvunja moyo. Ataishi kwa hofu." Nakubali kwamba iko huzuni isiyofaa. Biblia inatuonyesha watu wawili usiku mmoja. Yuda alimsaliti Yesu, Petro akamkana. Wote wawili walijuta. Tena Yuda alirudisha vile vipande 30 vya fedha, akakiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Lakini hakurudi kwa Bwana wake. Alikwenda kujinyonga. Petro alilia, kisha akabaki na wenzake, na Yesu alipokuja akamkuta. Toba ya kweli haimwambii mtu kwamba yeye ni takataka. Humwambia kwamba mlango uko wazi, aingie. Kuteleza si kuanguka. Anayeishi kwa hofu ni yule anayeficha, si yule aliyekwisha kusema. Ikiwa kuna mwenzetu anayesoma haya na moyo wake umelemewa hadi anaona hafai kuishi, tafadhali asikae peke yake. Amwendee mwalimu mshauri, mzazi au mwenzake anayemwamini, leo hii.

Pingamizi la tatu ni kwamba kuungama mara kwa mara huzaa maonyesho na unafiki. Hili nakubaliana nalo kabisa, ndiyo maana sitetei kuungama jukwaani. Kanuni nzuri ni hii: ungamo lienee kadiri jeraha lilivyoenea. Ulichowaza moyoni, mwambie Mungu. Ulichomtendea mtu mmoja, mwendee huyo mmoja. Ulichoharibu mbele ya darasa zima, sema mbele ya darasa. Kutangaza kwenye kipaza sauti siri zinazomhusu mtu mwingine, eti unatubu, ni kumkosea mara ya pili.

Aidha, anayetubu asimdai aliyekosewa msamaha kama deni. Nimesikia mwanafunzi mkubwa akimwambia mdogo aliyekuwa akimtesa, "Nimeshakuomba msamaha, mbona umenuna? Wewe si Mkristo?" Huko si kutubu, ni kuendelea kutesa kwa maneno ya Biblia. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wajibu wa aliyekosa ni kukiri, kurudisha, kuacha, na kungoja.

Kwetu sisi wa shule ya kutwa jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanafunzi wa bweni anaweza kuwa mtakatifu kwa miezi mitatu bila mama yake kuona. Sisi hurudi nyumbani kila jioni. Aliyeokoka mchana ataonekana usiku: je, bado anamtukana dada yake? Bado anasema nauli ni shilingi 50 na kumbe ni 30? Makanga akimrudishia chenji zaidi, anaitia mfukoni akimshukuru Mungu kwa muujiza? Mashahidi wetu wamekaa sebuleni. Naamini mzazi akiona mtoto wake amerudisha shilingi 20 za chenji kwa mwenye duka, mahubiri hayo atayasikia kuliko mikutano kumi.

Sitaki kulaumu tu bila kupendekeza. Kwanza, Umoja wa Wakristo uache kutangaza idadi ya waliopita mbele. Idadi hutupa sifa sisi viongozi na wanachama, haiwasaidii waliopita. Pili, wiki inayofuata mkutano iwe wiki ya kurudisha. Liwekwe sanduku nje ya maktaba ambamo mtu anaweza kurudisha kitabu, kikokotoo au kitu chochote bila kuulizwa maswali. Asiye na pesa za kulipa alichoharibu alipe kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba. Tatu, badala ya ukumbi mzima, tukutane katika vikundi vya watu wanne au watano wanaoaminiana, mara moja kwa wiki, tuulizane ukweli kama wale wa uamsho walivyofanya. Nne, viongozi na viranja waanze. Samaki huanza kuoza kichwani, basi na kuponywa kuanzie huko.

Tano, ile siku ya maombi ya watahiniwa ibadilike. Katika KCSE ya mwaka wa 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Katika nchi kama yetu, naamini wengi wao waliombewa kabla ya mtihani, na kalamu zao zikabarikiwa. Kalamu haina dhambi. Siku hiyo tungewaomba watahiniwa wajiwekee ahadi ya kuandika wanachokijua, na wazazi wajiwekee ahadi ya kutonunua karatasi yoyote. Hapo ndipo amina yetu itakuwa na maana.

Wenzangu, mwaka huu mkutano wa Umoja wa Wakristo utafanyika tena. Mhubiri atakuja, na huenda machozi yatamwagika. Sina ubaya na machozi. Ninachoomba ni kwamba kila atakayepita mbele ajiulize kabla hajarudi kitini: nina kitu cha nani, na nitakirudisha lini? Ajibu kwa kutaja jina la mtu na siku ya juma. Na siku hiyo ikifika, aende.